Mtani Wangu Anajibu

Nimewahi kucheza mbuzi. Nasema hilo mapema kwa sababu kila nikiulizwa nimefanya nini maishani, mbuzi huyo ndiye watu wanayemkumbuka: mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji aliyekula kadi za kliniki, katika igizo la chanjo tulilolizungusha kutoka Bagamoyo mpaka Lugoba. Nimecheza pia mganga, afisa mtendaji, maiti, mjamzito wa miezi tisa, na katika mchezo mmoja niliouandika mwenyewe nilicheza baba na mwanawe wakigombana, nikibadilisha kofia tu. Pale soko la samaki Bagamoyo wengi hawalijui jina langu. Wananiita Mama Mkwe, kwa jina la mhusika niliyemcheza zaidi, na mimi naitika, mwanaume mzima mwenye mvi kichwani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenishinda kumcheza, na huyo ndiye pekee niliyekuwa nimemwahidi.

Mimi ni Mkwere, kwetu ni Lugoba. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Kwa anayezijua mila zetu, hapo nimeshasema yote: sisi ni watani tangu enzi za mababu, wao wakishuka pwani na mizigo kichwani, sisi tukiwapokea kwa kuwacheka. Siku ya kwanza tulipokutana chuoni Bagamoyo, sote vijana tuliokuja kujifunza sanaa, aliniuliza kabila langu. Nilipomtajia akaniwekea sanduku lake la bati miguuni. "Alhamdulillahi," akasema, "leo zamu yenu kubeba." Nikalibeba kweli mpaka bwenini, nikimtukana njia nzima, na tangu siku hiyo hatukuitana jina lingine ila mtani.

Tulipomaliza chuo wenzetu walikwenda Dar, wengine kwenye redio, wengine kwenye filamu, wengine kusikojulikana. Sisi tukabaki. Tukaanzisha kikundi cha watu wawili, mara nyingine wanne ikiwa kazi ni kubwa, tukawa tunaigiza popote palipokuwa na uwanja wa shule na watu wa kukaa chini. Vyandarua, vyoo, uchaguzi, mimba za utotoni, mikoko isikatwe. Pazia letu lilikuwa khanga tatu zilizoshonwa pamoja. Nyuma yake tulisimama bega kwa bega, yeye na mimi, zaidi ya miaka thelathini, tukisubiri kutoka.

Mimi ndiye niliyeandika michezo, na mimi ndiye niliyecheza wahusika wote wenye nyama. Yeye alikuwa jirani, tarishi, askari, mume wa mama mkwe. Sikumnyima kwa ubaya. Mwandishi anayeigiza mwenyewe akishika kalamu, mkono unakwenda wenyewe kule anakokujua, na mimi nilikuwa najijua mimi. Halafu nilikuwa mvivu. Kwenye madaftari yangu niliandika maneno yangu yote, kila nukta na kila kikohozi, lakini upande wake niliandika "Anajibu" basi. Aliposoma mara ya kwanza aliniuliza anajibu nini. Nikamwambia, wewe mtani si una mdomo? Akacheka. Akawa anajibu, na kila mara lilikuwa jibu lililonipa mimi nafasi ya kuchekesha zaidi.

Watu waliniuliza siri yangu. Niliwaambia, na nilijisifu kwa hilo, kwamba jicho langu halikuondoka kwa watazamaji hata sekunde moja. Niliweza kukwambia mama yupi safu ya tatu amechoka, mzee yupi yuko karibu kuinuka kwenda kuswali. Mwenzangu akiwa anasema maneno yake, mimi nilikuwa nahesabu vichwa.

Ahadi tuliiweka Kerege, kwake, siku ya akika ya binti yake wa kwanza. Mahali petu, mtu akifiwa, mtani wake hakai kulia pamoja na wengine. Anaomba nguo za marehemu, anazivaa, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anawagombeza wafiwa kwa sauti yake, mpaka waliokuwa wakilia wanacheka. Mashehe wengine hawapendi, na husema wazi. Lakini msiba ambao watani hawakuja huonekana una pengo, na watu huusema vibaya mwaka mzima. Basi siku ile tumeshiba pilau, akanigeukia. "Mtani, nikitangulia mimi, unicheze vizuri. Usinicheze kijuujuu."

"Nimecheza mbuzi," nikamwambia, "nitashindwa Mnyamwezi?"

"Mbuzi ulimtazama wiki nzima."

Ilikuwa kweli. Kabla ya igizo lile nilikaa wiki nzima nyuma ya nyumba ya jirani nikimtazama mbuzi anavyotafuna, anavyokata shauri la kukimbia, anavyosahau kwa nini alikimbia.

"Na mimi basi nipe wiki yangu," akasema. Nikamwambia nitampa, nikanyoosha mkono kuchukua kipande kingine cha nyama.

Wiki hiyo sikumpa. Ningempa lini? Nilikuwa naye kila siku. Mtu uliye naye kila siku unadhani umeshamwona.

Kiharusi kilimpata nyumbani, anafunga kamba ya kuanikia nguo. Mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa yanatoka moja moja kama mtu anayetoa vitu kwenye gunia lililofungwa vibaya. Aliugua miezi minane. Kutoka Bagamoyo mpaka Kerege si safari, mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Nilikwenda mara tatu. Naona haya kuiandika namba hiyo lakini ndiyo namba yenyewe.

Na hizo mara tatu nilikwenda kufanya nini? Nilikwenda kuzungumza. Nilimweleza igizo langu jipya la mtu mmoja, jinsi wageni walivyocheka hotelini, jinsi kijana fulani alivyonirekodi kwa simu na watu maelfu wakanitazama bila hata kujua mimi ni nani. Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, mkono mbovu mapajani. Mara ya mwisho alitaka kuniambia jambo. Alianza, "Mtani... mimi... nili..." na mimi, kwa kuwa sipendi kimya, nikammalizia: "Ulichoka, najua, pumzika." Akanitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. Sijui mpaka leo alitaka kusema nini. Sidhani kama alitaka kusema amechoka.

Binti yake mkubwa ndiye aliyenipigia, asubuhi, mvua inanyesha. "Shikamoo baba mdogo," akasema, na kabla sijaitikia vizuri marahaba yangu, "baba ametutoka." Nikauliza saa ngapi mazishi. Baada ya adhuhuri, akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mama anauliza kama utakuja na ule utani wenu. Alisema baba alikuwa akiutaja."

Nikasema nitakuja nao. Nitasema ukweli: katikati ya majonzi yangu, na nilikuwa na majonzi, moyo ulinipiga vile unavyonipiga kabla ya kupanda jukwaani. Nilijua watu watakuwa wengi.

Walikuwa wengi kweli. Turubai lilikuwa limeshafungwa, wanaume kwenye mikeka na viti vya kukodi, wanawake upande wa uani na mlango mzima umejaa. Maji yalikuwa yakikusanyika juu ya turubai na kila baada ya muda mtu aliyasukuma kwa mti yakamwagika kwa kishindo. Nilipoingia nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenziwe, "Mama Mkwe huyo, leo tutacheka." Wakanitolea nguo zake: kanzu ya rangi ya maziwa, kofia ya kiua, makubazi yaliyoliwa kisigino upande mmoja. Nikaenda kuvaa nyuma ya gari la jirani. Kanzu ilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua. Hapo nililia kidogo, peke yangu, nikajifuta, nikatoka.

Nikatoka nikiburuta mguu.

Ndivyo nilivyoanza. Nilichukua lililo karibu, lililo rahisi, lile ambalo hata mtoto angeweza kuiga: mguu, mdomo upande, neno moja moja. Nikawasogelea watoto wake nikaanza kuwagombeza kwa ulimi mzito kwa nini wamekaa wanalia wakati nguo ziko nje zinalowa. Mmoja akacheka, wa pili akacheka. Kisha kutoka upande wa wanawake ikaja sauti ya dada wa mjane, mwanamke wa Bagamoyo asiyemwogopa mtu.

"Huo ugonjwa, shemeji. Tumeuona miezi minane. Mwenyewe yuko wapi?"

Hakulisema kwa ukali. Alikuwa akiuliza kweli.

Nikasimama wima. Nikasema moyoni, haya, mwenyewe. Mtani mzima wa afya, wa miaka yetu thelathini. Nikatafuta mwendo wake, nikapiga hatua tano, na nilipofika ya tatu nikajua huo ni mwendo wa mwenyekiti wa kijiji, mwenye mbuzi. Nikaubadilisha, ukaja wa mganga. Nikatafuta sauti yake. Nilikumbuka kwamba alisema, nilikumbuka hata aliyoyasema, lakini sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ya mume wa mama mkwe, na hiyo si sauti yake, ni sauti niliyomfundisha mimi. Anashikaje kikombe? Anakaaje akiwa amekasirika? Aliwahi kukasirika? Nilisimama na kanzu ya rafiki yangu mwilini na ndani yake hakukuwa na mtu.

Nikafanya kile ninachokifanya jukwaani nikikwama. Nikachekesha. Nikabana pua, nikatingisha kiuno, nikawapa Mama Mkwe amekuja msibani kulalamikia pilau. Watu wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye mkeka. Walicheka sana. Watoto wake walikuwa wananitazama tu, na yule binti mkubwa aliinamisha uso kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine. Shehe akatoka ndani akasema yatosha, maiti inaswaliwa. Nilivua kanzu, nikaikunja, nikalibeba jeneza pamoja na wenzangu, na njia nzima ya makaburini watu walinipiga bega wakiniambia nimeupamba msiba.

Nyumbani nilifungua sanduku la madaftari. Nilijiambia kwamba huko ndiko aliko, miaka thelathini ya kazi yetu lazima imeacha kitu. Nililala juu ya mkeka siku mbili nikifungua daftari baada ya daftari. Yalikuwa yameliwa na mende pembezoni lakini yalisomeka. Mama Mkwe: ukurasa mzima. Jirani: Anajibu. Afisa Mtendaji: kurasa mbili. Tarishi: Anajibu. Kuna mchezo mmoja tulioucheza Kerege yenyewe, shuleni, ambapo askari, yaani yeye, alisema jambo mwishoni mpaka walimu wakafuta machozi, na mkuu wa shule akaja kumshika mkono yeye badala yangu. Nakumbuka niliudhika. Nilifungua ukurasa wa mwisho wa mchezo ule. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu: "Askari anajibu. Mwisho."

Hata michezo yenyewe basi imekufa. Mtu akija leo akaniomba niirudie, nitampa nusu. Nilikasirika, kwanza na yeye, kwamba angeweza kuniambia, mtani, niandikie na mimi. Kisha nikakumbuka sanduku lake la bati, kwamba mimi nilimbebea siku moja tu na yeye akanibeba miaka thelathini, na hasira ikarudi kwa mwenyewe.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda Kerege kuomba radhi. Mjane alikuwa eda, kwa hiyo hakutoka. Binti mkubwa, ambaye anafundisha watoto wa chekechea na alikuwa amekuja kumtunza mama yake, aliniwekea kiti barazani karibu na mlango, na mama akazungumza nami akiwa nyuma ya pazia. Tuliulizana hali, nikampa pole, akasema ameshapoa, kama wasemavyo wote. Nikamwambia sikuja kwa pole. Nimekuja kwa sababu nilimwahidi mumewe jambo na nimelikosa mbele ya watu, na nimelikosa kwa kuwa sikumtazama.

Alikaa kimya. Mimi sipendi kimya lakini siku hiyo nilinyamaza.

"Shemeji, kila mtu ana lake," akasema hatimaye. "Ila yeye, wewe alikuwa akikuweza."

"Akiniweza vipi?"

"Akikucheza. Jioni akirudi kwenye maigizo, watoto wakiwa wadogo, alikuwa hawezi kula mpaka akucheze kwanza. Anaingia hapo mlangoni, hajasema neno, watoto wameshajua: huyu baba mdogo. Wanacheka mpaka wanakojoa." Nikasikia tabasamu kwenye sauti. "Huyu mkubwa anajua yote. Mwanangu, mwonyeshe."

Binti akakataa. Akasema ni utoto ule. Mama akasisitiza, na mimi nikasisitiza, kwa sauti ya utani ambayo haikunitoka vizuri. "Usikasirike lakini, baba mdogo," akasema. Akasogeza ndoo pembeni, akasimama katikati ya baraza.

Alifuta viganja vyake kwenye mapaja, mara mbili, taratibu. Akavuta pumzi puani. "Haya," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akawa mimi.

Nilijijua mara moja, kama mtu anavyolijua shati lake kwenye kamba ya mwingine. Kidevu juu. Mkono mmoja hewani, unangoja. Alijifanya kuna mtu amesimama mbele yake, anamwambia jambo, na yeye, yaani mimi, hakumtazama hata mara moja. Macho yalipita juu ya bega la yule mtu kwenda mbali, kwenye vichwa, vikihesabiwa. Midomo ilikuwa ikitingishika kidogo kufuata maneno ya mwenzake, si kwa kuyasikiliza, kwa kuyasukuma yaishe. Na mwenzake alipomaliza, uso mzima ukawaka kama taa. Zamu yangu ilikuwa imefika.

Nyuma ya pazia mama alikuwa akicheka. Kisha akawa halii wala hacheki, ni sauti iliyo katikati, kisha analia.

Binti akaacha. "Samahani, baba mdogo."

Nilimwambia hakuna samahani hapo. Na kwa kweli sikuwa nimeumia kwa lile nililoliona, au niliumia lakini kulikuwa na kitu kingine kilichonikamata kabla yake. "Pale mwanzo," nikamwambia. "Ile ya viganja. Mimi sifuti viganja."

"Ni wewe," akasema. "Baba alianza hivyo kila mara, kila akikucheza. Hakuiacha hata siku moja."

Alidhani ni sehemu yangu. Kwa utoto wake aliichukua yote pamoja, akaihifadhi yote pamoja. Lakini mimi niliijua sauti ile. Nguo ikisuguliwa, mara mbili, taratibu, kisha pumzi, kisha "haya" ndogo isiyomhusu mtu: nimeisikia nyuma ya zile khanga tatu, ubavuni mwangu, kila uwanja wa shule, Lugoba, Kerege, Bagamoyo, zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa nikichungulia penye mshono wa khanga kuona wamekuja wangapi. Sikugeuka hata mara moja kuona ni nini kinachofanya sauti hiyo. Mtani wangu alikuwa na woga. Kila siku alikuwa akiogopa kutoka, na kila siku alifuta jasho la mikono akatoka kunijibu, na mimi sikujua.

"Rudia, mwanangu," nikamwambia.

"Kukucheza wewe?"

"Hapana. Pale mwanzo tu."

Akanitazama asielewe, lakini ni mtoto mwenye adabu, akarudia. Viganja mapajani, mara mbili. Pumzi. Haya. Nikamwambia tena. Akarudia tena. Niligeuza kiti nikae nimemwelekea sawasawa, mgongo wangu ukiwa barabarani, na watu waliokuwa wakipita walisalimia bila mimi kugeuka. Nilitazama vidole vinavyoanzia kwenye nyonga, bega la kushoto linavyoshuka kabla ya la kulia, macho yanavyofumba kidogo kwenye pumzi. Sikuwa nikingoja zamu yangu. Nilimwomba mara ya tano, mara ya sita, mpaka adhana ya alasiri ikasikika kutoka ng'ambo ya barabara, na mama yake nyuma ya pazia akasema, kwa upole, "Inatosha sasa, shemeji. Mwache mtoto akaswali."